Core i5-7500 au i5-8500: Mnunuzi wa kompyuta ya mitumba Bujumbura atazame nini?

Kwenye rafu ya duka la kompyuta jijini Bujumbura, makasha mawili ya mezani huweza kusimama bega kwa bega, yote yakiwa na kibandiko kilekile cha Intel Core i5. Ndani ya moja mna prosesa ya i5-7500, ndani ya jingine i5-8500. Bei hupishana, na mnunuzi hujiuliza iwapo tofauti ya tarakimu moja inastahili faranga za ziada.

Kwa mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi huko Buyenzi, au mzazi anayemnunulia mtoto aliyeingia chuo kikuu, swali hilo si dogo. Kompyuta hutoka nje, fedha za kigeni zimekuwa adimu nchini Burundi kwa miaka kadhaa, na anayekosea leo hapati nafasi ya kununua tena mwakani.

Tarakimu ya kwanza baada ya kistari hutaja kizazi cha prosesa. Ile ya kizazi cha 7 ilitoka Januari 2017 ikiwa na viini 4. Ya kizazi cha 8 ilitoka Aprili 2018 ikiwa na viini 6. Hapa ndipo wengi hupotoshwa, kwa kuwa karatasi ya maelezo huonyesha kasi ya msingi ya gigahezi 3.4 kwa i5-7500 na 3.0 tu kwa i5-8500, na muuzaji asiye mwaminifu huweza kuinadi ya zamani kuwa ndiyo yenye kasi. Kasi ya msingi ni ile ya chini ambayo mtengenezaji anaiahidi wakati viini vyote vinafanya kazi nzito. Prosesa zote mbili zimepangiwa wati 65, na viini 6 vinavyogawana wati hizo huahidiwa kidogo kuliko viini 4. Inapohitajika, i5-8500 hupanda hadi 4.1, nayo i5-7500 huishia 3.8.

Hata hivyo, anayeandika barua na kujaza majedwali ya hesabu hataiona tofauti hiyo. Atakachokiona ni diski ya SSD badala ya ile ya kuzunguka, na RAM ya GB 8 badala ya 4. Viini viwili vya ziada humfaa zaidi anayehariri video.

Jambo zito zaidi liko kwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Orodha ya prosesa za Intel zinazokubalika kwa Windows 11 huanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7, na i5-7500 haimo. Zipo njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba kompyuta ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama. Kwa ofisi inayotunza hesabu za wateja, hilo pekee latosha kuamua. Asiyefungwa na programu za Windows aweza kuichukua i5-7500 kwa bei nafuu, akaweka Ubuntu, ambayo hailipiwi na ina lugha ya Kifaransa, kisha akatumia fedha iliyobaki kununua SSD.

Wapo wanaopanga kununua ya zamani sasa na kubadilisha prosesa baadaye. Mpango huo haufanyi kazi. Zote mbili huketi katika soketi yenye miguso 1151 na kwa macho zinalingana, lakini Intel ilibadilisha mpangilio wa umeme humo, na kizazi cha 8 hudai mazabodi ya mfululizo wa 300.

Umeme nao una neno. Unapokatika, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa, hivyo bei ya UPS iingizwe katika bajeti tangu mwanzo. Anayetegemea paneli za jua atafute herufi T mwishoni mwa jina: i5-8500T imepangiwa wati 35, ingawa kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.1.

Kabla ya kulipa, kompyuta iwashwe palepale dukani. Mnunuzi abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike msinfo32, kisha asome mstari wa prosesa, kwani kibandiko huhamishika kutoka kasha hadi kasha. Aombe pia kuingia kwenye BIOS. Mashine zilizotoka maofisini mara nyingine huja zikiwa na nenosiri la mwenye mali wa kwanza, na humo ndimo TPM 2.0, inayodaiwa na Windows 11, huwashwa iwapo imezimwa.