Petroli, Oili na Mafuta ya Taa: Historia ya Urekebishaji wa Jenereta Ndogo Kariakoo na Gerezani, 2006–2011

Utangulizi

Historia ya umeme nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kwa kufuata mabwawa, mikataba na viongozi. Ukame wa mwaka 2006 hutajwa kwa sababu ulipunguza maji katika mabwawa ya Mtera na Kidatu na kuleta mgawo mkali wa umeme. Mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond hutajwa kwa sababu Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008 kutokana na sakata lake. Masimulizi hayo ni ya lazima, lakini yanaishia mahali ambapo waya wa TANESCO unaishia. Hayaelezi kinyozi, mshona nguo na muuza vinywaji baridi waliendeleaje na kazi pale umeme ulipokatika.

Insha hii inachunguza mgawo huo kupitia kifaa kimoja, yaani jenereta ndogo ya petroli yenye injini ya mapigo mawili, na kupitia kazi moja, yaani kuilisha na kuirekebisha injini hiyo. Hoja yake ni kwamba katika miaka ya 2006 hadi 2011 fundi wa jenereta ndogo alibebeshwa jukumu la kukagua ubora wa mafuta, jukumu ambalo kwa haki lilikuwa la mamlaka za umma. Mamlaka hizo zilipolichukua hatimaye, gharama ilihama kutoka kwa mwenye injini na kumwangukia mwenye kibatari.

Mahali na kifaa

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na mitaa inayolizunguka ikaendelea kukua kuwa kituo kikuu cha biashara ya jumla na rejareja nchini. Upande wa Gerezani, karibu na reli, kulikuwa na mafundi wa bati, wachomeleaji, wauza vipuri na watengenezaji wa mashine. Kwa hiyo jenereta iliyonunuliwa dukani Kariakoo ingeweza kupelekwa kwa fundi kwa mwendo wa miguu.

Jenereta ndogo kabisa zilizoenea Afrika katika kipindi hicho zilikuwa na silinda yenye ujazo wa sentimita za ujazo zipatazo 63 na uwezo wa wati 650 hivi. Ziliweza kubebwa kwa mkono mmoja, na zilitosha kuwasha taa, televisheni na mashine ya kunyolea, ingawa hazikutosha kwa pasi wala jiko la umeme. Injini zake hazina mahali pa kuwekea oili peke yake. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kumiminwa katika tangi, mara nyingi kwa uwiano wa 1 kwa 50, ambao ni mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli.

Uwiano mbili katika injini moja

Ili kuielewa kazi ya fundi, ni lazima kutenganisha uwiano mbili ambazo huchanganywa kwa urahisi. Wa kwanza ni wa oili na petroli, nao hupimwa na mtumiaji kwa kopo au kizibo. Wa pili ni wa petroli na hewa, nao hupimwa na kabureta. Petroli huhitaji hewa ya uzito wa takribani mara 14.7 ya uzito wake ili iungue yote. Mchanganyiko ukiwa na petroli pungufu huitwa mwepesi, na ukiwa na petroli ya ziada huitwa mzito.

Katika injini ya mapigo mawili uwiano hizo zimefungamana, kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, injini hupata joto zaidi na papo hapo hupata oili kidogo zaidi, hadi pistoni inakwama katika silinda. Mtumiaji anayeongeza oili kwa nia ya kuilinda injini naye hujikuta katika utata. Oili iliyozidi huchukua nafasi ya petroli katika tundu lilelile na kufanya uji wa mafuta uwe mzito kupita, hivyo uwiano wa petroli na hewa huzidi kuwa mwepesi. Moshi unaotoka huonyesha wingi wa oili, ilhali ndani ya silinda petroli imepungua.

Ulinganisho na injini nyingine ya udogo huohuo unasaidia kuiona nafasi ya fundi wa Kariakoo. Injini za ndege za kuchezea, zilizoenea Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, hutumia methanoli iliyochanganywa na oili, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mafuta ya nyonyo. Haziwashwi kwa cheche. Waya mwembamba wenye platini hupashwa moto kwa betri wakati wa kuanza, kisha hubaki ukiwaka kwa joto la silinda na kwa mmenyuko wa methanoli na platini. Mrushaji hufungua na kufunga sindano ya kabureta huku akisikiliza mlio. Anapofikia mzunguko wa kasi ya juu kabisa, hairuhusu injini ibaki hapo. Huifungua sindano kidogo ili mchanganyiko uwe mzito kiasi na injini isiungue angani.

Mrushaji huyo anayafahamu mafuta yake, kwa kuwa ameyanunua au kuyapima kwa vipimo maalumu, na sindano iko chini ya amri yake. Fundi wa jenereta alikuwa katika hali iliyo kinyume kabisa. Tundu kuu la mafuta katika kabureta lilikuwa limetobolewa kiwandani na halikuwa na sindano ya kulibadilisha. Aliloweza kulifanya ni kulizibua, kusafisha chujio la hewa, kurekebisha parafujo ya sailensa, kubadilisha plagi na kukwangua masizi. Kisichojulikana katika kazi yake kilikuwa mafuta yenyewe.

Uchakachuaji na ushahidi wa plagi

Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli na dizeli kwa sababu yalihesabiwa kuwa nishati ya wanyonge. Tofauti hiyo ya bei ilizaa faida kwa yeyote aliyeyachanganya na mafuta ya magari. Tendo hilo liliitwa kuchakachua, na neno lenyewe lilipata nguvu kiasi kwamba katika uchaguzi mkuu wa mwaka 2010 lilikuwa tayari likitumika kwa kura. Kuhama kwa neno kutoka kwenye tangi hadi kwenye sanduku la kura ni ushahidi wa kihistoria kwamba wananchi waliielewa vyema maana ya kitu kinachoonekana kizima ilhali kimeharibiwa ndani.

Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, na hayahimili mgandamizo wa injini ya cheche. Petroli iliyochakachuliwa huifanya injini iwe ngumu kuwaka ikiwa baridi, igonge inapobeba mzigo na ijaze masizi kwenye plagi na ekzosi. Hapa ndipo ugumu wa utambuzi ulipokuwa. Plagi yenye rangi ya kahawia huonyesha uwiano mzuri, na nyeupe huonyesha mchanganyiko mwepesi. Plagi nyeusi, hata hivyo, inaweza kutokana na chujio la hewa lililoziba, oili iliyozidi au mafuta ya taa ndani ya petroli. Dalili moja ilikuwa na sababu tatu: ya kwanza ni uzembe wa utunzaji, ya pili ni kosa la kipimo, na ya tatu ni jinai ya mtu asiyekuwepo.

Kipimo rahisi cha tone juu ya karatasi kilikuwa na mpaka wake. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, na iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa. Lakini petroli iliyokwisha kutiwa oili huacha doa pia, hata ikiwa safi. Kwa hiyo jenereta ilipofika kwa fundi, ushahidi dhidi ya muuzaji wa mafuta ulikuwa umekwisha kufutwa na matumizi halali ya kifaa chenyewe. Injini iliponoki, waliobaki wa kulaumiwa walikuwa wale walioonekana, yaani mwenye duka kwa kuuza mashine dhaifu, mtumiaji kwa kupunja oili, na fundi kwa kutojua kazi.

Vinasaba na ushuru wa mwaka 2011

Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kutumia vinasaba, yaani alama za kikemikali zinazotiwa katika mafuta yaliyolipiwa kodi ili uchanganyaji utambuliwe kwa kifaa. Kwa mara ya kwanza ushahidi ulipatikana kituoni, kabla oili haijatiwa na kabla injini haijaharibika.

Hatua ya pili ilikuwa ya kibajeti. Katika mwaka wa fedha 2011/12 Serikali ilipandisha ushuru wa bidhaa kwa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ongezeko la zaidi ya mara 7, na ikapunguza ule wa dizeli kutoka shilingi 314 hadi 215. Nia ilikuwa kuondoa faida ya kuchanganya. Mwaka huohuo mgawo wa umeme ulirejea kwa ukali, na Julai 2011 makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini yaliondolewa bungeni ili yafanyiwe kazi upya.

Mantiki ya hatua hiyo ni sahihi kiuchumi, kwa kuwa mchakachuaji hufuata tofauti ya bei. Hata hivyo, mwanahistoria hana budi kuuliza nani alilipa. Mwenye jenereta alipata petroli ya kuaminika zaidi. Kaya iliyowasha koroboi na kupikia jiko la mafuta ya taa, ambayo haikuwa na jenereta wala waya wa umeme, ililipa shilingi 348.30 zaidi za ushuru kwa kila lita ili injini za wengine zisiharibike.

Hitimisho

Kabureta ya jenereta ndogo ilibuniwa kwa kudhani kwamba petroli ni petroli. Katika Dar es Salaam ya mgawo dhana hiyo haikusimama, na pengo lililobaki lilizibwa kwa sikio, pua na jicho la fundi. Hivyo urekebishaji wa injini katika kipindi hiki haukuwa ufundi peke yake. Ulikuwa sehemu ya utawala wa nishati usiolipwa wala kutambuliwa. Kazi hiyo haikuingia katika ripoti za tume wala kumbukumbu za Bunge, lakini ilikuwa miongoni mwa yaliyowezesha biashara ndogo kuendelea.

Aidha, mfano huu unaonyesha kwamba udhibiti wa ubora una bei, na bei hiyo huwa na mlipaji. Kabla ya mwaka 2010 mlipaji alikuwa mwenye injini iliyonoki na fundi aliyepoteza sifa. Baada ya bajeti ya mwaka 2011 mlipaji alikuwa mwenye kibatari. Historia ya nishati inayohesabu megawati peke yake haiwezi kumwona yeyote kati yao.