Mata Mata, Pili Pili na Dragon Quest: BD kwa wale wasio na mashine

Bandugu, swali moja liko linarudi kila mara tunapozungumza juu ya manga: mutu ambaye hajagusa konsoli hata siku moja, anapenda nini ndani ya BD iliyotoka kwenye mchezo wa video?

Sisi wa Bukama haitushangazi sana. Reli ya kutoka Elisabethville (leo Lubumbashi) ilifika kwetu mwaka 1918. Mizigo ikashuka kwenye treni, ikapanda mashua za Lualaba. Mzigo ni ule ule, lakini unafika kwa watu ambao treni haiwafikie.

Kule Japani, kampuni Enix ilitoa mchezo wa Dragon Quest mwaka 1986. Mwaka 1990 ikaanza kuchapisha vitabu vya kuchekesha juu ya mchezo huo: wachoraji wengi ndani ya kitabu kimoja, kila kichekesho picha 4 tu, basi. Mgeni anaingilia hapo. Mchezo wenyewe unaomba pesa, umeme na saa nyingi. Picha 4 zinaomba dakika moja. Tena utani wake hauombi masomo makubwa. Ndani ya mchezo, shujaa anaingia nyumba za watu bila hodi, anafungua kabati, anabeba anachokuta, na mwenye nyumba hasemi kitu. Mchoraji akimpa yule mama mwenye nyumba sauti, hata kambo wa kijijini atacheka. (Zile manga ndefu zinazofuata mchezo hatua kwa hatua, mimi naona zinachosha: asiyecheza anapotea, aliyecheza anajua mwisho.)

Lakini tusiseme hii ni akili ya Wajapani peke yao. Miaka ya 1950, padri Mbelgiji, Albert Van Haelst, alitengeneza kule Kasai filamu za kuchekesha za jamaa wawili, Mata Mata na Pili Pili. Kuwaona, ilikuwa lazima mashine ya sinema ifike kwenu. Miaka ya 1970, Mongo Sisse akachukua majina yale akayatia ndani ya BD. Mtoto ambaye sinema haikupita kwao sasa anakutana nao kwenye karatasi, na kitabu kimoja kinapita mikono kumi.

Kwangu, jambo kubwa liko hapa: kamera ilikuwa mkononi mwa padri, kalamu ilikuwa mkononi mwa Mkongomani. Na vijana wa Kinshasa walikuwa tayari wamezoea, juu tangu 1968 gazeti *Jeunes pour Jeunes* lilikuwa linawachorea hadithi za mtaani kwao, na lugha yao ya mtaani ndani.

Kule Japani pia mlango ule haukuwa wa wasomaji tu. Shibata Ami alichora vile vichekesho vya picha 4 vya Dragon Quest. Mwaka 1991 Enix ilipoanzisha gazeti lake la manga, *Shonen Gangan*, akapata humo nafasi ya kuchora *Nangoku Shonen Papuwa-kun*, hadithi yake mwenyewe, isiyotoka kwenye mchezo wowote.