Munganga Adrien Atiman, mutumwa aliyesoma universite

Wasomaji wengi watafikiri ya kama waganga weusi waliosoma universite walianza kuonekana kando ya ziwa Tanganyika siku hizi za karibuni tu. Sivyo. Mumoja wao alifika Karema mwaka 1889, akakaa pale maisha yake yote. Habari yake inafaa tuijue.

Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866, kando ya muto Niger, upande wa Timbuktu. Alipokuwa mutoto mudogo, Watuareg walimuiba, wakamuuza. Alivuka jangwa la Sahara pamoja na wafanya biashara, akafika Metlili katika inchi ya Algeria. Pale, mwaka 1876, Mapadri Weupe walimukomboa kwa feza.

Kardinali Lavigerie alikuwa na watoto wengi waliokombolewa namna hii. Tuwafanye nini? Hakutaka wawe Wazungu wa ngozi nyeusi. Alitaka kila mumoja awe na kazi itakayowafaa watu wa Afrika, na kati ya kazi zote alichagua uganga. Shauri lake lilikuwa hili: mulango unaofungwa mbele ya mugeni unafunguka mbele ya mwenye dawa, tena siku zile homa iliua Wazungu wengi, lakini Mwafrika aliweza kuizoea inchi. Basi mwaka 1881 alifungua nyumba kule kisiwa cha Malta, na vijana wa nyumba ile wakasoma uganga kwenye universite ya Malta. Hakuchagua shule ndogo ya kufunga vidonda, alichagua universite.

Atiman akamaliza masomo yake mwaka 1888. Njia ya reli haikuwako: kutoka pwani mpaka ziwa ni kutembea kwa miguu, pamoja na wapagazi, miezi mizima. Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha Mapadri walipewa mwaka 1885. Pale Atiman akawa munganga na katekista. Aliwatibu Wakristu na wasio Wakristu, wala hakudharau majani na mizizi ya wazee, bali alijifunza nguvu yake. Akaoa Agnes Wansahira, binti wa sultani wa Wabende. Mutoto wao Joseph akapata upadri mwaka 1923. Mwenzake Joseph Gatchi, naye aliyesoma Malta, alifanya kazi upande wetu wa ziwa. Atiman mwenyewe alikufa Karema mwezi wa nne, mwaka 1956, baada ya kazi ya miaka 67.

Sasa tuhesabu pamoja. Mwaka 1888 mutoto aliyeuzwa kama mbuzi aliweza kumaliza masomo ya uganga. Lakini siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 mwezi wa sita 1960, hakukuwa hata Mukongo mumoja mwenye diploma ya munganga kamili. Ni miaka 72 kati ya mambo haya mawili! Walikuwako asistanti wa waganga, watu wenye akili na ufundi, waliosoma miaka mingi, waliopasua wagonjwa na kulinda malopitali. Lakini jina la munganga hawakupewa. Universite ya Lovanium ilianza mwaka 1954 tu, na Wakongo wa kwanza walipata udaktari wao pale mwaka 1961. Baada ya uhuru, asistanti wengi walitumwa Ufaransa kumaliza masomo yao, wakarudi waganga. Basi akili walikuwa nayo tangu zamani. Walichokosa ni mulango.

Mutu ataweza kujibu: kazi ni ileile, jina lina faida gani? Tumutazame Atiman. Yule aliyemupeleka universite aliamini kwanza ya kama mutoto huyu anaweza, hata kabla ya kuona matunda. Wale waliofunga mulango walingoja matunda ya muti ambao hawakuupanda.

Na sisi, tutakapopewa parokia, tutaletewa watoto wa maskini, wenye nguo chafu na macho makali. Mutu atatuuliza: "Huyu afundishwe mpaka wapi?" Mbele ya kujibu, tukumbuke yule mutoto wa Metlili.