Hukumu ya mirathi iliyoanzia Mombasa: imesema nini, nasi tufanye nini

Tangu tarehe 30 Juni 2025, Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu juu ya mirathi ya watoto wa nje ya ndoa, kila baraza la kahawa kutoka Kibokoni hadi Makadara lina mufti wake. Wako wasemao Mahakama ya Kadhi imefutwa, haikufutwa. Wako wasemao hukumu hiyo haituhusu, inatuhusu sana. Ndugu msomaji, tuyapange mambo moja moja.

Kesi yenyewe

Kesi ilianzia hapa kwetu Mombasa. Mwislamu alifariki mwaka 2015 akaacha mali, wake na watoto. Baadhi ya watoto hao mama zao hawakutambuliwa kuwa wake kwa ndoa ya Kiislamu. Mahakama Kuu iliwatoa katika mirathi, Mahakama ya Rufaa ikawarudisha, na Mahakama ya Juu ikakubaliana na Rufaa.

Mzozo ulikuwa juu ya maneno machache. Kifungu cha 24(4) cha Katiba ya 2010 chasema haki ya usawa yaweza kupunguzwa "kwa kiasi cha lazima kabisa" ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu, katika hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Majaji walisema kumtoa mtoto kwa sababu wazazi wake hawakuoana si lazima hiyo, bali ni ubaguzi.

Fiqhi, kwa kauli ya wanazuoni wengi, yasema mtoto wa nje ya ndoa arithi kwa mamake, wala harithi kwa baba. Na kifungu cha 163(7) chazifunga mahakama zote za chini kufuata uamuzi wa Mahakama ya Juu. Kadhi naye yumo. Hapo ndipo penye uzito.

Kwa nini yatuuma

Makadhi walikuwapo pwani kabla ya kuwapo nchi iitwayo Kenya. Mkataba wa 1895 baina ya Sultani wa Zanzibar na Waingereza uliwaacha mahali pao. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana barua, na miongoni mwa ahadi zilizomo ni kulindwa kwa mahakama za makadhi. Kwa mtu wa Mombasa ahadi hiyo ni sehemu ya bei ya mwambao kuingia Kenya. Kwa hivyo majaji wanapoamua wenyewe kipi cha lazima katika mirathi ya Kiislamu, watu wana haki ya kuuliza ni nani mwenye elimu ya kuamua hilo.

Lakini tusijifiche nyuma ya malalamiko. Watoto hawa ni wa wanaume wetu. Kama baba angepanga mambo yake akiwa hai, pengine majaji wasingepata la kuamua.

Milango iliyo wazi

Sheria yenyewe ya Kiislamu haikumwacha baba mikono mitupu:

1. Wasia. Mtu aweza kuusia hadi thuluthi ya mali yake, baada ya mazishi na madeni, kwa asiyekuwa mrithi. Uandikwe, uwe na mashahidi.

2. Hiba. Aliye hai na mwenye afya aweza kumpa mtoto nyumba au shamba. Hiba haitimii kwa maneno ya barazani: atoe, apokewe, na kitu kikabidhiwe. Ikiwa ni ardhi, hati ibadilishwe jina.

3. Cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 yataka ndoa zote ziandikishwe, za Kiislamu pia. Ndoa ya siri, shahidi mmoja amekufa na mwengine yuko Ghuba, ndiyo imfanyayo mtoto wa halali aonekane wa nje siku ya matanga.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina warithi wa vizazi viwili vitatu ambao hawajagawana. Akiingia mdai mmoja asiyejulikana, kesi yaweza kula miaka na nyumba ikabomoka. Mwenye mali na amwendee kadhi au wakili mapema, na wanawe wayajue aliyoyaandika. Makosa ya karatasi hurekebishika kwa urahisi mwenyewe akiwa yu hai.