Maporomoko ya Udzungwa: Mwongozo wa Matembezi na Sababu ya Kuyalinda Maji Yake

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Milima ya Udzungwa, inayosimama juu ya Bonde la Kilombero mkoani Morogoro na kuendelea hadi Mkoa wa Iringa, ni miongoni mwa maeneo machache nchini ambako mwananchi anaweza kuianza asubuhi kando ya mashamba ya miwa na, kabla ya adhuhuri, akawa amesimama chini ya maporomoko ya maji ndani ya msitu wa asili. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 na inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Tofauti na Mikumi au Serengeti, hifadhi hii haina barabara za kutalii kwa magari. Anayetaka kuiona hana budi kutembea.

Makala haya yanaeleza njia za kuyafikia maporomoko hayo, wakati unaofaa, taratibu na tahadhari zinazopaswa kuzingatiwa, pamoja na sababu inayolifanya suala la kuyatunza kuwa kubwa kuliko utalii peke yake.

Namna ya kufika

Makao makuu ya hifadhi yapo Mang'ula, takriban kilomita 65 kusini-magharibi mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Morogoro hufuata barabara kuu iendayo Iringa hadi mji wa Mikumi, kisha hukata kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, ambayo zamani ilikuwa na matope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, sasa imejengwa kwa kiwango cha lami. Reli ya TAZARA nayo hupita katika eneo hilo na ina kituo Mang'ula. Aidha, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, imewarahisishia wakazi wa Dar es Salaam sehemu ya kwanza ya safari.

Njia za miguu

Njia fupi zaidi huanzia jirani na makao makuu na kuishia kwenye maporomoko madogo yanayoitwa Prince Bernhard. Ina urefu wa takriban kilomita moja, hivyo inawafaa wazee, familia zenye watoto na wageni wenye muda mchache. Njia ya Sonjo ni ndefu kidogo, nayo humfikisha mgeni kwenye maporomoko mengine yaliyo chini ya kivuli kizito cha msitu.

Inayojulikana zaidi ni njia ya Sanje, inayoanzia upande wa kijiji chenye jina hilo, kaskazini mwa Mang'ula. Maporomoko ya Sanje hushuka kwa jumla ya mita zipatazo 170 katika ngazi tatu. Kupanda na kurudi huchukua takriban saa nne kwa mtu mwenye afya ya kawaida, na sehemu kadhaa ni za mwinuko mkali. Kutoka juu, Bonde la Kilombero huonekana lote limetandazwa chini: mashamba ya miwa, mabati ya nyumba za vijiji na uwanda unaopotelea kwenye upeo wa macho.

Kwa wenye nguvu na maandalizi, ipo safari ya kilele cha Mwanihana, yenye urefu wa kilomita 38 kwenda na kurudi. Safari hiyo kwa kawaida huchukua siku tatu na usiku mbili za kulala kambini.

Njiani, mgeni mtulivu huweza kuwaona mbega wekundu wa Udzungwa pamoja na kima wa Sanje, ambaye wenyeji humwita ngolaga. Wanyama hao wawili hawapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima hii na maeneo yaliyo jirani nayo. Kima wa Sanje alifahamika kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, ilhali wenyeji walikuwa wakimjua na kumpa jina kabla ya hapo.

Wakati unaofaa

Kipindi cha Juni hadi Oktoba ndicho kinachopendekezwa zaidi, kwa kuwa njia huwa kavu na mito inavukika kwa urahisi. Anayetaka kuyaona maporomoko yakiwa na maji mengi bila kukutana na utelezi mkubwa atafanya vyema kwenda mwanzoni mwa kipindi hicho, muda mfupi baada ya masika kumalizika. Kati ya Machi na Mei mvua huwa kubwa, mawe huteleza na baadhi ya njia huwa za hatari. Ni busara kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kupanga safari, na kuwauliza watumishi wa hifadhi hali ya njia siku hiyo.

Maji haya hutoka wapi

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ambayo huanzia Taita nchini Kenya na kufika kusini mwa Tanzania. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na milima hiyo, hupanda, hupoa na kuangusha mvua. Msitu huipokea mvua hiyo. Majani hupunguza kishindo cha matone, na mboji na mizizi huyafyonza maji na kuyaachia polepole. Kwa sababu hiyo vijito huendelea kutiririka hata miezi ambayo bondeni hakujanyesha kabisa.

Maporomoko, kwa hiyo, ni dalili inayoonekana ya kazi inayofanywa na msitu mahali pasipoonekana. Msitu wa juu ukikatwa au kuchomwa, maji hushuka yote kwa mkupuo wakati wa mvua, yakibeba udongo, kisha hukauka wakati wa kiangazi. Wa kwanza kuathirika ni wakazi wa vijiji vya bondeni wanaotegemea vijito hivyo kwa kunywa na kumwagilia. Athari haziishii hapo. Bonde la Kilombero lilitambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na Mto Kilombero ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya Mto Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme.

Uhifadhi huo umekuwa na gharama kwa majirani wa hifadhi. Wanavijiji waliokuwa wakiruhusiwa kuokota kuni kavu ndani ya hifadhi walisitishiwa ruhusa hiyo mwaka 2011, wakalazimika kutafuta nishati mbadala na kupanda miti yao wenyewe. Mgeni anayenunua chakula, kulala na kuajiri wabeba mizigo Mang'ula au Sanje huchangia kuifanya gharama hiyo iwe na fidia.

Funzo la Kihansi

Kusini-magharibi mwa hifadhi, katika korongo la Kihansi kwenye safu hiyohiyo ya milima, yapo maporomoko yanayokumbusha jinsi uhai unavyoweza kutegemea manyunyu pekee. Mwaka 1996 aligunduliwa hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyefikia urefu wa sentimita tatu, ambaye huzaa badala ya kutaga mayai. Aliishi katika eneo dogo lililoloweshwa daima na manyunyu ya maporomoko.

Mwaka 2000, mradi wa umeme wa Kihansi wenye uwezo wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakapungua sana. Taifa lilihitaji umeme huo, na bado linauhitaji. Serikali na wadau waliweka mfumo wa kunyunyizia maji korongoni, na vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki iliporomoka ghafla, wakati ambapo ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulibainika pia katika eneo hilo. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka katika mazingira yake ya asili. Kuanzia mwaka 2012 vyura waliozalishwa nje walianza kurejeshwa korongoni.

Taratibu na usalama

Kuingia hifadhini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282. Wananchi wanakumbushwa kuzingatia yafuatayo:

1. Kulipa viingilio kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na hifadhi. Raia wa Tanzania waje na kitambulisho ili watozwe kiwango cha raia.
2. Kutembea na mwongoza watalii au askari wa uhifadhi. Tembo na nyoka wamo msituni.
3. Kuvaa viatu visivyoteleza na kuvisafisha kabla na baada ya safari. Matope huweza kubeba mbegu ngeni na vimelea vya magonjwa ya vyura.
4. Kutoogelea isipokuwa mahali mwongozaji aliporuhusu, na kutopanda miamba iliyo kando ya ukingo wa maporomoko.
5. Kuondoka mtoni mara maji yanapobadilika rangi, kuongezeka au kubeba majani na vijiti. Hiyo ni dalili kwamba mvua imenyesha juu mlimani, hata kama mahali ulipo kuna jua.
6. Kurudi na taka zote, kutowasha moto na kutotumia sabuni mtoni. Maji hayo hunywewa na watu wa chini.

Mgeni akizingatia haya, hutoka Udzungwa akiwa na kumbukumbu na picha, huku nyuma yake maji yakiendelea kushuka bondeni yakiwa safi kama alivyoyakuta.