Kuapdeti Ama Kukaza na ya Zamani? Mwongozo wa Produsa wa Keja, Busia na Malaba

Kama unarekodi ngoma kwa keja pale Busia ama Malaba, hii stori unaijua. Lapi ni ya mtumba, blanketi imening'inizwa dirishani, na programu ni ile uliwekewa na msee kwa flashi. Halafu unaskia toleo jipya limetoka. Uapdeti ama ukaze na ya zamani?

Tulia kwanza. Jua ni shida gani unataka kumaliza.

Shida ambazo toleo jipya halimalizi

Malori ya Malaba yakipiga honi usiku, maiki inashika yote. Hapo dawa ni chumba, blanketi na kuchagua saa za kurekodi.

Sauti ikichelewa kwa hedifoni, mara nyingi noma iko kwa draiva. Kwa Windows, hakikisha unatumia draiva ya ASIO, halafu punguza bafa. Bafa ndogo inaharakisha sauti lakini inachosha prosesa, kwa hivyo ukifika kumiksi ipandishe tena.

Lapi ikiganda, angalia RAM na diski. Kuweka SSD kunaweza kukusaidia kuliko programu mpya, ambayo kawaida inakula nguvu zaidi.

Sababu poa za kuapdeti

- Wasee wa kolabo wanatumia toleo jipya. Projekti ya toleo jipya inaweza kukataa kufunguka kwa la zamani. Lakini kama mnatumiana tu traki za WAV, hiyo si shida.
- Umebadilisha mashine. Microsoft iliacha kusapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ukihamia Windows 11, programu ya kitambo inaweza kusumbua.
- Kuna kitu kimoja utakitumia kila wiki. Kama huwezi kukitaja, bado hujakihitaji.

Sababu za kukaza

Kubwa ni plagini. Nyingi za zamani ni za biti 32. Cubase, kwa mfano, iliacha kuzisapoti ilipofika toleo la 9 mwaka 2016. Ukiruka, sauti ulizozoea zinaweza kubaki nyuma.

Mimi nilijifunza vibaya. Niliapdeti usiku, na asubuhi kuna mteja anavuka kutoka upande wa Uganda kumalizia gospo yake. Kufungua projekti, nusu ya plagini hazionekani. Vokali zilikuwa sawa lakini biti ilikuwa imebaki mifupa. Nilirudisha dipoziti, na hajawahi kurudi. Kosa lilikuwa langu: hauapdeti ukiwa katikati ya kazi.

Hesabu ya doh

FL Studio: Inatengenezwa na Image-Line wa Ubelgiji. Ukinunua leseni mara moja, matoleo yajayo unapata bure. Ile ya kujaribu inakuruhusu kusevu, lakini kufungua tena ile projekti ni mpaka ununue. Matoleo yake yana bei tofauti, kwa hivyo kabla ulipe thibitisha lako linarekodi vokali.

Reaper: Unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu. Leseni ya bei nafuu ni dola 60, karibu KSh 7,800 dola ikiwa 130, na ni halali kama biashara yako haipitishi dola 20,000 kwa mwaka. Leseni moja inakubeba matoleo makubwa mawili. Tena ni nyepesi, hata lapi ya mtumba inaibeba.

Cubase: Inatoka kwa Steinberg wa Ujerumani. Hapa toleo kubwa jipya huwa unalipia, kwa hivyo ngoja ofa.

Kulipa mtandaoni si lazima uwe na kadi ya benki. M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa 2022, inakupea kadi ya Visa ya mtandaoni.

Na zile kraki za flashi? Ni wizi, na zinaweza kukuletea virusi. Lapi ikiliwa, ngoma za wateja zinaenda nayo.

Kabla ubonyeze

1. Maliza kazi zote za wateja.
2. Toa kila traki kama WAV, projekti kwa projekti. WAV itafunguka kwa programu yoyote.
3. Weka bakapu mbili, moja isikae kwa keja.
4. Andika plagini zote unazotumia, kisha angalia kama toleo jipya linazikubali.
5. Sakinisha jipya bila kufuta la zamani, kama programu inaruhusu.
6. Fungua kopi ya projekti moja, si orijino. Ikicheza vile ilikuwa, hamia polepole.

Na stima ya huku unaijua. Usianze kusakinisha kama betri ya lapi imekufa.

Jibu fupi: kama ngoma zinatoka safi na wateja wanalipa, kaza. Ile doh weka kwa maiki ama SSD. Kama programu inakukatisha kazi, apdeti, lakini wiki ambayo huna mteja. Anayevuka boda na nauli yake hajali ni toleo gani unatumia. Anataka kurudi nyumbani na ngoma yake.