Kamera ya kutambua namba za magari

Aina ya neno: kirai nomino; ngeli ya I-/ZI- (kamera imesoma, kamera zimesoma).

Maana: Kamera iliyounganishwa na programu ya kompyuta, ambayo hupiga picha ya kibao cha namba cha gari linalopita, husoma herufi na tarakimu zake, kisha huzilinganisha na orodha iliyohifadhiwa.

Maumbo mengine: *kamera ya kusoma namba za magari*. Nchini Kenya, *nambari* hutumika zaidi mahali pa *namba*.

Maelezo

Mfumo huu ulibuniwa nchini Uingereza mwaka 1976. Aghalabu kamera hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ili kibao kisomeke hata gizani. Programu hukitafuta kibao ndani ya picha, hutenganisha alama moja moja na kuzigeuza kuwa maandishi. Alama zinazofanana, kama vile herufi O na tarakimu 0, huweza kuikosesha.

Matumizi

Vitenzi vitatu hutumiwa kuhusu kamera hizi kana kwamba ni visawe, ilhali kila kimoja kinataja hatua yake.

1. *Kusoma* ni kugeuza picha ya kibao kuwa maandishi. Hatua hii hulihusu kila gari linalopita.
2. *Kutambua* ni kuilinganisha namba iliyosomwa na orodha, na kubaini kuwa ni ya gari fulani: lililoibwa, lisilo na bima au linalotafutwa.
3. *Kufuatilia* ni kuunganisha kumbukumbu za kamera nyingi ili kujua gari lilipita wapi na lini.

Jijini London, ambako tangu Februari 2003 magari hutozwa ada ya kuingia katikati ya jiji, kamera husoma namba ili kubaini gari ambalo halijalipiwa. Kwa kazi hiyo *kusoma* na *kutambua* vinatosha. Mjini Birmingham, mwaka 2010, zaidi ya kamera 200 ziliwekwa katika maeneo yenye Waislamu wengi, baadhi yake zikiwa zimefichwa. Wakazi walielezwa kuwa zilikusudiwa kupunguza uhalifu, kumbe fedha zake zilitoka katika mfuko wa kupambana na ugaidi. Malalamiko yalipozidi, mradi ulivunjwa na kamera zikaondolewa mwaka 2011. Kuuita mradi huo wa *kusoma namba* tu ni kulificha jambo lenyewe lililozua malalamiko; hapo *kufuatilia* ndilo neno stahiki.

Hata hivyo, *kusoma* si neno jepesi kisheria. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilibatilisha vifungu vya sheria za majimbo ya Hesse na Schleswig-Holstein vilivyoruhusu usomaji huo. Katika uamuzi wa Desemba 2018, mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi: haki ya mtu huingiliwa hata pale namba yake inapolinganishwa na orodha, isionekane humo na kufutwa papo hapo. Mfasiri wa uamuzi huo akiandika kwamba haki huingiliwa gari *linapotambuliwa*, atakuwa amewaondolea ulinzi wote ambao magari yao yalisomwa bila kutambuliwa, nao ndio walio wengi.

Kosa la kuepuka

Kamera hii husoma kibao. Haimjui aliyeshika usukani. Gari huweza kuazimwa, na kibao huweza kughushiwa.

- Sahihi: *Kamera ilisoma namba ya gari lake saa nne usiku.*
- Si sahihi: *Kamera ilimtambua dereva saa nne usiku.*

Sentensi ya pili inamhukumu mtu kwa ushahidi unaohusu gari. Katika hati ya mashtaka au habari ya gazeti, tofauti hiyo yaweza kumtia hatiani asiyekuwapo.

Vilevile kamera hii isichanganywe na *tochi*, jina walilolizoea madereva wa Tanzania kwa kifaa cha askari wa usalama barabarani. Kazi ya tochi ni kupima mwendo.

Kwa mfasiri: Kabla ya kuchagua kitenzi, uliza matini asilia inazungumzia hatua ipi. Ikiwa haibainishi, *kusoma* ndicho kitenzi salama zaidi, kwa kuwa hakidai lisilothibitishwa.

Tazama pia: *faragha*, *ufuatiliaji*, *usajili*.